CHAJA YA WATI NGAPI YAIFAA SIMU YAKO?

Siku hizi wakulima wengi wa Kabuchai wana simu za kisasa, hata wale wanaokaa mbali na barabara ya lami. Kwa mkulima simu si pambo, ni chombo cha kazi kama jembe na panga. M-Pesa ilianza nchini Kenya mwaka 2007, na tangu hapo watu wengi wamezoea kupokea kwa simu fedha za maziwa, za vitunguu na za mahindi, wala hawabebi fedha nyingi mfukoni waendapo sokoni Chwele. Tena, katika mpango wa mbolea ya ruzuku ulioanzishwa na Serikali mwaka 2022, mkulima aliyeandikishwa hupelekewa ujumbe kwa simu ili aweze kununua mbolea yake kwa bei nafuu. Simu ikizimika siku hiyo, mvua haimngojei mtu.

Kwa sababu hiyo yafaa kila mkulima ajue habari za chaja. Watu huuliza maswali mawili mara kwa mara. La kwanza, je, chaja yenye wati nyingi itaiunguza simu yangu? La pili, je, chaja hiyo itanimalizia umeme? Jibu la maswali yote mawili ni hapana, ikiwa chaja ni nzuri. Lakini ni vizuri kujua sababu yake, maana asiyejua sababu hudanganywa dukani.

WATI NI NINI?

Fikiri juu ya tangi la maji lililo juu ya kilima, na mpira unaoshuka mpaka kwenye bustani yako ya sukuma wiki. Kadiri tangi lilivyo juu zaidi, ndivyo maji yanavyosukumwa kwa nguvu zaidi. Msukumo huo katika umeme huitwa volti. Wingi wa umeme unaopita katika waya, kama vile wingi wa maji yanayopita katika mpira, huitwa ampea. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, na wati ndizo zinazoonyesha chaja inaweza kufanya kazi kiasi gani.

Umeme wa ukutani nchini Kenya una volti 240. Simu haiwezi kuupokea umeme huo. Ungeiua mara moja. Kazi ya chaja ni kuzipunguza volti hizo mpaka zifike kiasi kidogo, mara nyingi volti 5, na kuugeuza umeme huo uwe wa aina inayoweza kuingia katika betri.

JINSI YA KUSOMA MAANDISHI YA CHAJA

Itazame chaja yako kwenye mwanga mzuri. Utaona maandishi madogo sana. Lile neno INPUT ni habari ya umeme unaoingia, nalo halikusaidii katika kuchagua wati. Litafute neno OUTPUT, yaani umeme unaotoka kwenda katika simu. Ikiwa imeandikwa 5V na 1A, zidisha 5 kwa 1, utapata wati 5. Ikiwa ni 5V na 2A, hizo ni wati 10. Ikiwa ni 9V na 2A, hizo ni wati 18. Pengine ampea zimeandikwa kwa vipimo vidogo, mA. Basi ujue ya kuwa mA 1000 ni sawa na ampea 1.

Chaja nyingine huwa na mistari miwili au mitatu, kwa mfano 5V na 3A, halafu 9V na 2A. Maana yake ni kwamba chaja hiyo inaweza kutoa umeme kwa njia zaidi ya moja, kufuatana na simu iliyounganishwa nayo.

Baada ya kuisoma chaja, jua simu yako inahitaji wati ngapi. Habari hiyo hupatikana katika kijitabu cha simu, au juu ya sanduku lake, au kwenye chaja iliyokuja na simu ilipokuwa mpya. Kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe, hutosheka na wati 5 au chini yake. Simu nyingi za kisasa za bei nafuu huchukua wati 10 au 18. Simu za bei kubwa huchukua wati 25, 33, au zaidi.

SIMU NDIYO INAYOCHAGUA

Watu wengi hudhani ya kuwa chaja huusukuma umeme wote ndani ya simu kama mtu anayeshindilia mahindi katika gunia. Sivyo. Ndama akinyonya, hanywi kupita tumbo lake hata kama mama yake ana maziwa ya kujaza ndoo. Vivyo hivyo simu inayohitaji wati 10, ukiiunganisha na chaja nzuri ya wati 33, itachukua wati zake 10 tu.

Chaja nzuri huanza na volti 5 sikuzote. Simu ikiwa ya aina inayochajiwa upesi, huiomba chaja volti zaidi, labda 9, nayo chaja hukubali ikiwa inaweza. Simu isiyojua kuomba huendelea kupata volti 5 bila madhara. Lakini kumbuka ya kuwa makampuni mengine yana njia zao wenyewe za kuchaji upesi. Simu ya kampuni moja yenye uwezo wa wati 33 pengine itachukua wati 10 tu kwa chaja ya kampuni nyingine, kwa kuwa hazisikilizani. Haitaharibika, ila itachelewa kujaa.

Tena chaja yenye wati chache haiiharibu simu. Taabu yake ni muda. Tuseme mama mmoja wa Kimalewa ana simu yenye betri ya mAh 5000, ambayo ni ya kawaida siku hizi. Kwa chaja ya wati 5 simu hiyo itahitaji muda wa saa 5 au zaidi. Kwa wati 10 itahitaji karibu saa 3. Kwa wati 18, ikiwa simu inazikubali, yapata saa 2. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, tofauti hiyo ni kubwa sana. Umeme ukirudi kwa saa 2 tu jioni, mwenye chaja ya wati 18 atalala na simu iliyojaa, na mwenye chaja ya wati 5 hatafika nusu.

JE, WATI NYINGI HUMALIZA UMEME?

Betri ya mAh 5000 ikijaa huwa imechukua kiasi kile kile cha umeme, ijazwe polepole au upesi. Pamoja na umeme unaopotea kwa joto, yuniti moja ya umeme yaweza kuijaza simu kama hiyo karibu mara 40. Basi asikutishe mtu ya kuwa chaja kubwa italeta gharama. Ni kama kujaza pipa kwa mpira mwembamba au mnene: maji ni yale yale.

WAYA NAO UNA KAZI

Pengine chaja ni nzuri na simu ni nzuri, lakini inachelewa kujaa. Utazame waya. Waya mwembamba wa bei rahisi, au uliokunjwakunjwa mpaka ukachoka, hupoteza umeme njiani. Jaribu waya mwingine kabla hujanunua chaja mpya. Vilevile chaja yenye matundu mawili mara nyingi hugawanya wati zake ukichaji simu mbili pamoja.

Jambo la kufurahisha ni kwamba simu nyingi mpya sasa hutumia tundu la aina moja, liitwalo USB-C. Umoja wa Ulaya uliamuru ya kuwa kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa katika nchi zake ziwe na tundu hilo. Kwa hiyo chaja moja nzuri yaweza kutumika na nyumba nzima.

WANAOTUMIA UMEME WA JUA

Taa nyingi za jua zina tundu la kuchajia simu, lakini tundu hilo aghalabu hutoa wati chache tu. Lafaa kabambe, bali simu kubwa itachukua siku nzima. Tena kioo cha jua kilichoandikwa wati 10 hutoa wati hizo jua likiwa kali tu. Siku za mawingu hutoa kidogo sana.

Usiiunganishe simu moja kwa moja na betri ya volti 12 kwa nyaya tupu. Nunua kifaa cha kupunguza volti kutoka 12 mpaka 5. Na usiiache simu juani karibu na kioo cha jua, maana joto ndilo adui mkubwa wa betri. Kioo kikae juani, simu ikae kivulini.

CHAJA MBOVU NI HATARI

Hatari haitoki katika wingi wa wati. Hutoka katika chaja mbovu. Ndani ya chaja nzuri kuna nafasi na kinga kati ya volti 240 na zile volti 5. Katika chaja bandia kinga hiyo ni haba au haipo kabisa, na umeme wa ukutani waweza kufika kwenye simu na kwenye mkono wa mtoto aliyeishika. Tena mara nyingi wati zilizoandikwa juu yake ni za uongo. Chaja ikiwa nyepesi mno, ikicheza katika soketi, ikilia, ikinuka, au ikiwa moto hata huwezi kuishika, iache mara moja. Tafuta kibandiko cha KEBS, na umwombe mwenye duka risiti.

Tena sisi wa upande huu wa Mlima Elgon tunajua radi. Mawingu yakianza kunguruma alasiri, chomoa chaja ukutani. Nyumba yenye simu moja iliyoungua imepata hasara. Nyumba iliyoshika moto imepoteza kila kitu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Jua wati za simu yako kabla ya kwenda dukani.

2. Soma neno OUTPUT, zidisha volti kwa ampea.

3. Nunua chaja yenye wati sawa na za simu au zaidi. Zikizidi si kitu.

4. Ikiwezekana nunua chaja ya kampuni iliyotengeneza simu yako.

5. Tumia waya mzima, wala usichaji simu chini ya mto au juu ya godoro.

6. Usinunue chaja kwa sababu ya bei rahisi peke yake.

Mkulima hanunui mbegu bila kusoma karatasi iliyo juu ya mfuko. Na afanye vivyo hivyo anaponunua chaja, naye hatajuta.