Kwa nini radi ya Busia hushika saa

Sisi tulio Kansas na Oklahoma, kila majira ya kuchipua yakifika, tunaangalia kwenye simu mstari mwekundu wa mvua ukikata jimbo zima. Wa nyumbani Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, wakiuliza, tunasimulia kana kwamba wao hawajui ngurumo. Wanazijua kutushinda, ila zao zinazaliwa kwingine.

Huku, hewa baridi na kavu hushuka kutoka Kanada, ikajipenyeza chini ya hewa ya joto na unyevunyevu kutoka Ghuba ya Mexico, na kuirusha juu. Mpaka wa hewa hizo mbili huweza kufika mamia ya kilomita, ndiyo maana watabiri huuona siku kadhaa kabla. Busia na Malaba zipo karibu mno na ikweta. Baridi hiyo haifiki. Huko kazi inafanywa na Ziwa Victoria.

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, basi upepo hutoka ziwani, ukipita Port Victoria na Sio Port kuingia bara. Upande wa pili, upepo wa mashariki unateremka kutoka nyanda za juu za Nandi. Zikikutana, hewa haina pa kwenda ila juu. Saa nane mawingu yanarundikana upande wa Kakamega na Mlima Elgon. Ikigonga saa kumi, wauza mitumba wa Busia wanavuta maturubai. Usiku mambo hugeuka: ardhi inapoa, ziwa linabaki na joto, pepo zinakusanyika juu ya maji, na dhoruba inawakuta wavuvi alfajiri.

Jioni ndipo watu wako njiani, na ndipo radi inapowapata. Hata kaskazini mwa Uganda, mbali na ziwa, ilikuwa jioni ya Novemba 2024 radi ilipoua watu 14 wakiwa ibadani katika jengo la mabati, kwenye makazi ya wakimbizi ya Palabek. Mabati hayaiti radi, kinyume na wasemavyo wengi. Hatari ni jengo lisilo na waya wa kupeleka umeme ardhini. Dereva aliye kwenye foleni ya malori Malaba, kabini ikiwa imefungwa, yuko salama. Wa bodaboda aliyejibanza chini ya mwembe yuko pabaya, na viatu vyake vya raba havimsaidii kitu.

Ukiona mmweko, hesabu hadi usikie ngurumo: kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Zisipofika 30, ingia ndani, na usitoke hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho, hata jua likishachomoza.