Theluji Iliyo Juu ya Bujumbura

Nimeombwa na mhariri wa sehemu ya Kiswahili nieleze jambo lililotugombanisha mwaka mzima sisi wa darasa la mwisho. Neno lenyewe ni hili: je, theluji yaweza kuanguka Bujumbura? Msicheke kwanza. Nami niliamini, tena nilipoteza soda kumi na mbili kwa ajili yake. (Padri mlezi, tafadhali ruka mstari huu.)

Sisi twakaa Mutanga Nord, upande wa juu wa mji, mahali ambapo mtu akisimama barazani aona ziwa lote na, siku ya hewa safi, milima ya Kongo ng'ambo ya pili. Tu vijana watano tunaopenda mambo ya hewa. Tuna kipimajoto kimoja, kimetundikwa kivulini ukutani kwetu, tuna kopo la kupimia mvua, na daftari. Majirani hutuita waganga wa mvua, na wakifua nguo hutuuliza kama zitakauka. Mara nyingi twajibu vibaya.

Habari ya theluji ilianza tarehe 10 Julai 2023. Siku ile theluji ilianguka mjini Johannesburg, mara ya kwanza tangu mwaka 2012, na picha zilitufikia kwa simu siku ile ile: watu wametoka nje, wanaikinga kwa viganja. Kwetu nako kulikuwa na baridi juma lile. Kipimajoto kilisoma digrii 17 alfajiri, na mtu wa Bujumbura akifikia digrii 17 huvaa koti na kulalamika. Mmoja wetu akasema, "Ikiwa Johannesburg ni Afrika, na Bujumbura ni Afrika, kwa nini wao wapate sisi tukose?" Tangu hapo kila kiangazi kikikaribia twaanza kungoja. Mwaka jana mimi nilivuka mpaka. Niliwaambia wadogo wa madarasa ya chini kwamba baridi inayokuja haijapata kuonekana, na kwamba kilele cha mlima Heha kitakuwa cheupe kabla ya mwisho wa Julai. Julai ikaisha, Heha ni majani tu. Nikalipa soda.

Baada ya kulipa ndipo nilipofungua vitabu. Nawaeleza niliyoyaona humo.

Johannesburg iko digrii 26 kusini ya Ikweta, na sisi tuko digrii 3 tu. Kule mwezi wa Juni na Julai jua hupita chini, mchana huwa mfupi, na hewa ya baridi kali kutoka bahari ya kusini yaweza kupanda mpaka bara. Tena mji wenyewe umejengwa juu, zaidi ya meta 1,700 kutoka usawa wa bahari. Huku kwetu mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote haupitani hata nusu saa. Hatuna majira ya baridi hasa. Baridi yetu ya kiangazi yatokana na sababu nyingine: mbingu haina mawingu. Wingu ni blanketi la nchi. Usiku likiwapo, joto la ardhi hubaki chini. Likiondoka, joto hupanda likapotea, na alfajiri twatetemeka. Lakini jua likichomoza huturudishia yote, na saa nane mchana tumekwisha kusahau koti.

Katika nchi za juu usiku kama huo waweza kuleta sakitu, yaani umande ulioganda. Njombe na Makete, huko Tanzania, wakulima huiogopa sana mwezi wa Juni na Julai, kwa maana huunguza majani ya viazi kana kwamba moto umepita. Ila sakitu haianguki kutoka mbinguni. Hujifanya pale pale juu ya majani. Aonaye nyasi nyeupe asubuhi akapiga kelele za theluji amekosea.

Sasa tupige hesabu ya mlima. Ukipanda meta 1,000, hewa hupungua joto kadiri ya digrii 6. Ziwa Tanganyika liko meta 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Heha, mlima mrefu kuliko yote Burundi, una meta 2,670 hivi. Tofauti yake ni meta 1,900, basi ni kama digrii 11 au 12. Toa hizo katika zile 17 zetu, wabakiwa na 5 au 6. Ni baridi, lakini maji hayagandi. Katika nchi hizi za Ikweta hewa hufikia digrii sifuri karibu na meta 5,000. Yaani ingefaa Heha abebeshwe Heha mwingine mgongoni, ndipo ningeshinda zile soda.

Milima inayofika huko yajulikana: Kilimanjaro meta 5,895, Kenya meta 5,199, na Ruwenzori meta 5,109. Ulio karibu nasi zaidi ni Karisimbi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, wenye meta 4,507. Huo haufiki kabisa, lakini siku nyingine asubuhi kilele chake huonekana cheupe, kisha jua likiwaka weupe wote huyeyuka. Jina lake latokana na isimbi, kombe jeupe, neno ambalo katika Kiswahili ni simbi. Basi wazee waliouita hivyo walikuwa wameangalia juu muda mrefu kabla yetu sisi wenye daftari.

Na Kiswahili chenyewe kililipataje neno la kitu ambacho watu wa pwani hawakukiona? Tuliazima. Theluji yatoka katika Kiarabu, barafu katika Kiajemi; na ajabu yake, neno hilo la Kiajemi maana yake ni theluji hasa, sisi tukalipeleka kwenye sanduku la kupozea vinywaji. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akienda Uchagani, aliona weupe juu ya Kilimanjaro akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani. Yule hakuwa na jina lake. Alijibu kwamba ni baridi tu. Mimi naona alijibu vizuri. Huko London bwana mmoja mwenye elimu ya jiografia, William Desborough Cooley, alikataa habari hiyo kwa miaka mingi, akisema theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Basi mmoja alikataa theluji iliyopo, na mimi wa Mutanga Nord nikaahidi theluji isiyokuwapo. Sijui nani alikosa zaidi. Hata hivyo atakaye kuiona ile ya Kilimanjaro na afanye haraka, kwa sababu tangu mwaka 1912 hata 2007 asilimia 85 ya eneo la barafu yake ilikuwa imekwisha kutoweka.

Lakini katika kusoma nilikuta jambo lililonishangaza kuliko yote. Mvua zetu nyingi kubwa, zile za radi za Novemba na Aprili, huanza zikiwa barafu na theluji. Mawingu yale hupanda juu sana, kupita ile meta 5,000, na huko mvuke huganda ukawa vipande vidogo mno vya barafu. Hushikamana, huwa vizito, huanguka. Vikishuka kwenye hewa ya joto huyeyuka, na sisi tulio chini twapata matone. Kwa hiyo theluji niliyoingoja kwa miaka yote hii ilikuwa inaanguka juu ya paa la nyumba yetu, ila iliyeyuka ikiwa bado mbali, kama meta 4,000 juu ya mabati. Nami nilikuwa nikiingoja kiangazi, wakati ambapo hata wingu hakuna! Nilikuwa nimekosea mahali na majira pia.

Barafu iwezayo kutufikia chini ni ya namna nyingine, yaani mvua ya mawe. Hewa iliyopata moto juu ya ardhi hupanda kwa nguvu ndani ya wingu, ikachukua matone mpaka kwenye baridi. Tone likiganda hugusana na mengine, hupata koti juu ya koti, na upepo huendelea kulishikilia juu. Likiwa zito kupita nguvu ya upepo, huanguka mbio. Kwa kuwa laanguka mbio, halina nafasi ya kuyeyuka lote, hasa likiangukia nchi iliyo juu, maana safari yake ni fupi. Ndiyo sababu mjini Bujumbura hatuioni mara nyingi, bali watu wa milimani waijua sana. Kwa Kirundi huitwa urubura.

Mimi nimeiona. Jumatatu ya Pasaka ya mwaka huu nilipanda gari mpaka Bugarama, kwa shangazi yangu, dada wa baba, alimaye maharagwe na viazi mteremkoni. Saa tisa alasiri mbingu ikawa nyeusi, kisha mabati yakapigwa kwa kelele hata hatukuweza kusikizana. Kwa dakika kumi hivi ilikuwa hivyo. Ilipokoma nikafungua mlango: nchi nzima ilikuwa nyeupe. Njia, ua, migomba, vyote. Nilitoka mbio miguu mitupu na sufuria mkononi nikizoa, nikapiga kelele, "Theluji! Shangazi, njoo uone theluji!"

Shangazi alitoka amejifunika kitenge kichwani. Alinipita bila kusema neno, akaenda shambani. Nilimfuata nikiwa bado nacheka. Maharagwe yalikuwa yameanza kutoa maua. Sasa yalibaki mashina tu, majani yamepigwa yakachanganyika na tope. Aliinama akashika shina moja, akalitazama, akaliacha. Kisha akaniambia, "Mwanangu, mwaga hiyo iliyo katika sufuria, uniletee jembe."

Sikujua la kusema. Nilisema tu, "Nisamehe, shangazi." Akajibu, "Wewe hukuileta." Lakini mimi nilijua ya kuwa nilikuwa nimeiomba kwa miaka.

Nilikaa kwake siku tatu tukiondoa uchafu na kuinua viazi vilivyoweza kuinuliwa. Maharagwe hayapandwi tena wakati ule, kwa kuwa mvua iliyobaki haitoshi. Ana shamba la pili ng'ambo ya kijito, na hilo halikuguswa hata jani. Mvua ya mawe hupita kama mtu apitaye njia yake, huku yapiga na hatua mia mbili kutoka hapo hakuna kitu. Zamani nilimcheka shangazi kwa kulima vipande vipande kila mahali. Sasa nafahamu.

Nisidhaniwe kuwa ni mjinga peke yangu. Tarehe 2 Septemba 2008 kijiji cha Busara, karibu na Nyahururu nchini Kenya, kiliamka na habari kama hiyo. Nyahururu iko karibu kabisa na Ikweta, lakini iko juu, zaidi ya meta 2,300. Mawe madogo madogo yalianguka kwa wingi hata yakashikamana yakawa tandiko jeupe, na watu wakaja kuangalia na kuchezea theluji iliyofika kwao. Wataalamu wa hewa wa Kenya walieleza kwamba haikuwa theluji, ilikuwa mvua ya mawe iliyogandamana. Na upande wa Kericho na Nandi, penye mashamba makubwa ya chai, mvua ya mawe huanguka mara nyingi kuliko karibu mahali pote duniani. Huko katika miaka ya 1960 walijaribu hata kurusha roketi za kulipuka ndani ya mawingu ili kuzuia mvua ya mawe. Kwa shangazi yangu roketi hazipo, yapo mashamba mawili.

Niliporudi mjini nilifungua daftari letu. Siku ile jioni, kabla ya giza, nilikuwa nimeandika: "Bugarama, saa tisa, weupe mtupu, ajabu kubwa." Sikufuta. Niliongeza chini yake: "Maharagwe ya shangazi, yote."

Tangu hapo kundi letu limebadili kazi. Hatungoji tena Julai. Twaandika kila mvua ya mawe tunayopata habari yake kutoka kwa jamaa walioko milimani: tarehe, saa, mahali, ukubwa wa jiwe (kama punje ya mtama, punje ya kahawa, au haragwe), na ilidumu dakika ngapi. Tumekwisha kupata taarifa kumi na moja. Ndugu wanafunzi wa zamani mnaofundisha au kulima huko Mugamba na Bututsi, tafadhali tuleteeni zenu kwa anwani ya jarida hili, hata za miaka iliyopita mkizikumbuka vizuri. Nanyi mlioko Ubelgiji na Kanada, ambao theluji ya kweli huanguka mlangoni kwenu, tuandikieni inavyokuwa ikigusa mkono. Wenzangu wanne wasema haina sauti kabisa, nami siamini. Safari hii hatukuwekeana soda.