Sikio la Mswahili katika mtihani wa Kijapani

Mapema mwaka huu, hapa Mwabungo, binti wa jirani yangu alipiga hodi akiwa na karatasi mkononi. "Mjomba, nimepata 102 na bado nimeanguka!"

Alikuwa amefanya mtihani wa Kijapani wa N5, ngazi ya chini kabisa kati ya tano, ambao hapa nchini hufanyiwa Nairobi mwezi wa Desemba. Alama za kupita ni 80 kati ya 180. Sasa vipi tena?

Tuliisoma karatasi pamoja. Msamiati, sarufi na kusoma vina alama 120, na sharti upate angalau 38. Kusikiliza kuna 60, na sharti upate 19. Yeye alipata 85 kule na 17 huku. Upungufu wa alama mbili ukamwangusha.

Nikaomba daftari lake. Kila neno alikuwa amelifasiri kwa Kiingereza! Wajapani husema "kore" kwa kilicho karibu nami, "sore" kwa kilicho karibu nawe, na "are" kwa kilicho mbali nasi sote. Kiingereza huyarundika hayo mawili ya mwisho katika neno moja, ndipo akawa anayachanganya. Lakini si hiki, hicho na kile? Mtoto wa chekechea hapa kijijini anavijua.

Hata kuhesabu. Sisi husema watu wawili, vitabu viwili, maembe mawili. Kijapani nacho hubadili namna ya kuhesabu kulingana na kinachohesabiwa: vitabu viwili ni "nisatsu", penseli mbili "nihon", watu wawili "futari". (Hilo la mwisho hatalisahau, hasa mwezi wa Ramadhani.) Hizo si ngeli hasa, ila mazoea ya kuiangalia nomino kabla ya kutaja idadi tayari anayo.

Kwenye kusikiliza ndiko urafiki wa lugha hizi unakohadaa. Irabu zao ni tano kama zetu, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Basi letu kwao ni "basu". Mswahili husikia akadhani yuko nyumbani. Kumbe "desu" hutamkwa karibu "des", irabu ikamezwa. "Kite" ni njoo, "kitte" ni stempu. Tofauti ni kituo kidogo tu kabla ya t. Na "ojisan" ni mjomba, "ojiisan" ni babu. Urefu huo wa irabu tunao: kata na kataa, kufa na kufaa. Tatizo ni kwamba mtihanini sauti huchezwa mara moja tu.

Basi nikamwambia alifunge daftari kwa muda, asikilize rekodi dakika ishirini kila siku, arudie kwa sauti, kisha ndipo aangalie maandishi.

Desemba anarudi Nairobi, nauli tumechangiana. Juzi alipita barazani akaniita "ojiisan". Nikamuuliza kama amerefusha kwa kusudi. Akacheka, akaenda zake.