Umeme Ukikatika, Maji ya Tangi la Samaki Yanakwenda Wapi?

Frontosa wa Kigoma ana michirizi saba ya giza ubavuni, ilhali ndugu zake wengi wa Ziwa Tanganyika wana sita. Dume likikomaa huota nundu kubwa kwenye paji la uso. Samaki huyu hupita sentimita 30, huishi zaidi ya miaka 15, na hupenda kukaa kwa kundi. Kumfuga katika tangi la mita moja ni kumtesa. Anayemtaka nyumbani kwake ajiandae kujenga tangi la sentimita 180 kwa 60 kwa 60, yaani lita 648 likijaa pomoni.

Tangi la ukubwa huo halifai kuchujwa kwa kichujio kidogo cha kuning'iniza pembeni. Linahitaji tangi la pili, la chini, linalofichwa kabatini. Maji ya juu humwagika kupitia meno ya kasha la kufurikia, hushuka kwa mabomba, hupita kwenye sponji na vitu vya kuchujia, kisha pampu huyarudisha juu. Ndani ya tangi hilo la chini ndimo wanamoishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti, kisha nitrati. Kwa samaki wa Tanganyika kazi hiyo haina mzaha. Maji ya ziwa lenyewe yana pH ya karibu 9, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka sumu kali. Kiasi ambacho samaki wa maji laini angekivumilia kinaweza kumuua frontosa.

Watu wengi wakifika hapa huanza kuuliza bei ya pampu na unene wa kioo. Mimi husema tuanze na umeme. Ubora wa tangi hupimwa dakika ile umeme unapokatika, na dakika ile unaporudi.

Pampu ikizimika, maji ya juu hayasimami papo hapo. Huendelea kushuka mpaka yafike usawa wa sehemu ya chini ya meno ya kasha. Tangi letu lina eneo la sentimita 180 kwa 60, kwa hiyo kila sentimita moja ya kimo ni karibu lita 11. Yakishuka sentimita 2.5 umepata lita 27. Jumlisha yaliyomo kwenye kasha na mabomba, ufike kama lita 40. Je, tangi la chini lina nafasi ya kuyapokea? Chukua la sentimita 90 kwa 45 kwa 45, lenye kuta za ndani za sentimita 25, na chumba cha pampu kikiwa na maji ya sentimita 20. Lita 40 zikiingia, maji yatapanda hadi kama sentimita 33. Ukingo uko 45. Sakafu imebaki kavu.

Lakini kuna njia ya pili ya maji kushuka, na ndiyo inayoharibu nyumba: bomba la kurudisha maji juu. Pampu ikisimama, bomba hilo hunyonya maji kurudi chini mpaka mdomo wake upate hewa. Fundi akiuweka mdomo sentimita 15 chini ya uso wa maji, kwa kuwa panapendeza pale, zitashuka lita 162. Nafasi iliyobaki chini ni lita 80 na kitu. Nyingine zote ziko sebuleni. Weka mdomo wa bomba sentimita moja au mbili tu chini ya uso wa maji, na utoboe tundu dogo la kuingizia hewa mahali utakapoliona na kulisafisha kila wiki. Wauzaji watakupa valvu ya kuzuia maji yasirudi. Ifunge ukipenda, lakini usiitegemee: konokono mmoja au chembe ya chokaa inatosha kuizuia isifunge.

Sasa geuza hesabu upande wa pili. Umeme upo, pampu inasukuma, ila jani au samaki mfu ameziba bomba la kushukia. Pampu itaendelea kujaza tangi la juu mpaka ikaushe chumba chake. Hapo ukubwa wa chumba cha pampu ndio unaoamua. Chumba cha sentimita 30 kwa 45 chenye maji ya sentimita 20 kina lita 27. Juu umeacha sentimita 4 kati ya maji na ukingo, yaani nafasi ya lita 43. Pampu itaanza kuvuta hewa kabla tangi halijafurika. Ndiyo maana simpendi fundi anayetengeneza chumba kikubwa cha pampu eti maji yasiishe haraka kwa mvuke. Anakuongezea maji ya kumwagikia sakafuni.

Mabomba ya kushukia yawe matatu, ingawa moja lingetosha kwa hesabu tupu. Bomba moja humeza maji na hewa kwa pamoja, likanguruma na kukoroma usiku kucha, na watu wamewahi kuuza matangi kwa sababu ya kelele hiyo. La kwanza liwe na maji matupu, likivuta kwa nguvu kamili, na lifungwe getivalvu. Bolvalvu haifai hapa, kwa sababu ukiigusa kidogo tu mkondo hubadilika mno. Zungusha getivalvu polepole, robo mzunguko kwa robo, huku ukiangalia maji ndani ya kasha. Yatapanda mpaka uzi mwembamba wa maji uanze kuingia bomba la pili, na mara hiyo kelele hukatika. La pili hubeba uzi huo tu. La tatu mdomo wake uko juu zaidi na hukaa kavu siku zote, likingoja dharura. Hilo lisifungwe koki ya aina yoyote.

Jambo dogo ambalo mafundi hulisahau: ncha ya bomba la kwanza izame sentimita 2 au 3 tu ndani ya maji ya tangi la chini. Ikizama sana, umeme ukirudi hewa iliyobaki bombani haitapata nguvu ya kutoka, na mvuto hautaanza wenyewe.

Pampu isichaguliwe kwa namba ya kwenye boksi. Namba ile hupimwa bila kupandisha maji. Ukipandisha mita moja na nusu na kupitisha elbo kadhaa, kinachofika juu ni pungufu kabisa. Soma jedwali la pampu, tafuta inayofikisha lita 3,000 hadi 4,000 kwa saa kwa kimo chako. Bomba la milimita 40 litazishusha bila shida.

Kuhusu kioo nitasema machache. Kioo kilichoimarishwa kwa moto, kama cha milango ya maduka, hakitobolewi. Ukikigusa kwa keekee kinasambaratika chote. Tumia kioo cha kawaida cha milimita 12 chenye mikanda ya kioo juu, kitobolewe kwa biti ya almasi huku maji yakimiminwa, na tenki konekta zikazwe kwa mkono. Silikoni iwe ya akwaria. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu huua samaki. Na kwa kuwa mzigo wote, pamoja na mawe na tangi la chini, unakaribia tani moja, anayeishi ghorofani azungumze na mhandisi kwanza.

Kazi ikikamilika, jaza maji matupu. Washa, subiri mkondo utulie, uchore mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye kioo cha chumba cha pampu: huo ndio usawa wa juu unaoruhusiwa. Chomoa plagi. Tazama maji yanapoishia. Rudisha, hakikisha mvuto umeanza wenyewe, kisha chomoa tena. Halafu ziba bomba la kwanza na la pili kwa kitambaa uone kama la dharura linabeba mkondo wote. Fanya hivyo kwa siku kadhaa, na hata baada ya hapo usiharakishe kuweka samaki, kwa sababu bakteria nao wanahitaji kama wiki nne hadi sita kuzaliana.

Fundi akikataa kuchomoa plagi mbele yako, usimmalizie fedha zake.