Mtumishi wa ndani ni amana

SIFA zote njema ni za Allah (SW), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ndugu Waislamu, mabinti wengi wa Afrika Mashariki huvuka bahari kwenda Oman, Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za ndani, wakitaraji kuwalipia wadogo zao ada na kuwajengea wazazi. Baadhi yao hupata waajiri wema. Wengine hunyang'anywa pasi wafikapo tu, wakazuiliwa mishahara na kunyimwa mapumziko.

Inasikitisha zaidi pale atendaye hayo anapokuwa Muislamu mwenye kuswali. Anas bin Malik (RA) alipelekwa kwa Mtume (SAW) angali mtoto, akamtumikia miaka 10, naye akasimulia kuwa hakuwahi kukaripiwa. Katika Hadithi aliyoipokea Bukhari, anayemtumikisha mtu kisha asimlipe ni miongoni mwa watatu ambao Allah Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Hata Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unampa mtumishi wa ndani haki ya kukaa na pasi yake.

Wazazi, msimkabidhi binti kwa wakala msiyemjua. Someni mkataba kabla hajatia saini, na mbaki na nakala.

Nasi wenye wasichana wa kazi majumbani mwetu, kabla ya kuwalaumu watu wa Ghuba, tujiulize: huyu aliye jikoni kwetu, mwezi huu tumemlipa?

Wabillahi tawfiiq.