Sakafu Huchaguliwa kwa Unyayo

Dukani marumaru husimamishwa wima, taa zikiimulika, na mteja huitazama akiwa amevaa viatu. Nyumbani viatu huachwa mlangoni. Marumaru ile ile sasa imelala chini, imemwagikiwa maji, mtoto anatambaa juu yake, na bibi anaikanyaga gizani akienda msalani. Anayechagua sakafu kwa macho peke yake amekisahau kiungo kitakachoitumia kila siku, yaani unyayo.

Kwa afya ya familia, tofauti kubwa haiko kati ya marumaru ya bei rahisi na ya bei ghali. Iko kati ya udongo mtupu na sakafu iliyozibwa, hata ikizibwa kwa niru ya kawaida. Mtazame funza. Kiroboto huyu aliletwa na meli kutoka Brazili hadi Angola mwaka 1872, na kabla ya karne kwisha alikuwa ameshafika Afrika Mashariki. Jike hujichimbia kwenye ngozi ya mguu, huvimba kwa mayai, kisha huyadondosha chini. Yakiangukia vumbi, mabuu hujilisha uchafu uliomo humo, na baada ya wiki chache kizazi kipya kiko tayari kurukia miguu ya watu. Yakiangukia sakafu ngumu inayofagiliwa, hayana pa kukulia. Minyoo ya safura nayo huhitaji udongo wenye unyevu ili mabuu yake yafikie hatua ya kupenya ngozi.

Ushahidi ninaouamini zaidi katika jambo hili unatoka Meksiko. Mwaka 2000 jimbo la Coahuila lilianzisha mpango wa Piso Firme: serikali ilileta zege la kutosha hadi mita za mraba 50 kwa kila nyumba yenye sakafu ya udongo, na wenyeji wakalitandaza wenyewe. Watafiti walizilinganisha familia za mji wa Torreón na zile za Gómez Palacio na Lerdo, miji jirani iliyo jimbo la Durango ambako mpango huo haukuwapo. Matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Katika nyumba ambayo udongo wake wote ulifunikwa, maambukizi ya vimelea kwa watoto wadogo yalishuka kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Kina mama nao walionyesha dalili chache zaidi za sonona. Gharama ilikuwa kama dola 150 kwa nyumba.

Penye uhaba wa saruji ipo njia nyingine. Nchini Rwanda, kampuni ya EarthEnable hushindilia changarawe, mchanga na udongo wa mfinyanzi, kisha huipaka sakafu hiyo mafuta ya mimea. Mafuta hayo hayakauki kwa kuvukizwa na jua. Huvuta oksijeni ya hewani, molekuli zake zikashikana na kuwa utando mgumu usiopitisha maji.

Saruji nayo haikauki, ijapokuwa sote tunasema hivyo. Chembe zake huungana na maji na kuota fuwele zinazosukana, na kazi hiyo huendelea kwa majuma. Jamvi la zege lililomwagwa asubuhi na kuachwa juani hunyang'anywa maji kabla fuwele hazijaota, na sehemu ya juu hubaki unga unga. Ndiyo sababu ya kumwagilia angalau siku 7, na ya wahandisi kupima nguvu ya zege siku ya 28. Maji hayo hayo yakitoka upande wa chini, ni adui. Zege lina vinyweleo vinavyovuta unyevu kutoka ardhini, na unyevu ukipanda huja na chumvi zinazochanua nyeupe juu ya niru, hubandua kapeti la plastiki na kuvimbisha mbao. Karatasi nzito ya nailoni iliyotandikwa kati ya kifusi na zege huzuia yote hayo. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na marumaru, lakini kwa kuwa haionekani, huwa ya kwanza kufutwa kwenye bajeti.

Sasa kuteleza. Marumaru kavu inayong'aa haina neno. Ikilowa, utando mwembamba wa maji hukaa kati yake na ngozi, na kwa kuwa uso wake ni laini, maji hayana pa kukimbilia. Mguu huwa unaelea. Uso wenye chembechembe hutoboa utando huo. Wajerumani wana kipimo kinachoniridhisha kwa uwazi wake: mtu hutembea pekupeku juu ya ubao uliotandikwa marumaru, unaomwagiwa maji ya sabuni na kuinamishwa polepole mpaka ateleze. Marumaru inayovumilia nyuzi 12 hupewa herufi A, nyuzi 18 ni B, nyuzi 24 ni C. Kwa bafu la nyumbani ningetafuta B, au kama boksi halina herufi, ningeilowesha sampuli na kuisugua kwa kidole. Baraza yenye marumaru za kung'aa, wakati wa masika, ni mtego uliolipiwa.

Baridi ya marumaru ni hadithi nyingine. Kigae na ubao vilivyolala chumba kimoja vina jotoridi sawa. Kinachotofautiana ni kasi ya kunyonya joto la mguu. Chumba kikiwa na nyuzi 25 na ngozi ya unyayo nyuzi 32, mara tu ukikanyaga, mahali pa mgusano hushuka hadi karibu nyuzi 28 kwenye kigae, ila hubaki karibu 30 kwenye ubao. Dar es Salaam hiyo ni neema. Njombe mwezi wa Juni ni adhabu, na hapo mkeka, wenye hewa iliyonaswa katika ukili wake, hutosha bila kubadili sakafu nzima. Mimi ningepiga niru ya rangi sebuleni, nitandike mkeka, na fedha ya marumaru niipeleke bafuni na jikoni.

Ukishaamua kuweka marumaru, igeuze na kuidondoshea tone la maji mgongoni. Vigae vya ukutani hulinywa upesi, maana vinaweza kubeba maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Posileni haizidi asilimia 0.5. Kisha mbane fundi. Kigae kilichotoka tanuruni hunyonya unyevu wa hewa na kutanuka kidogo kidogo kwa miaka, huku zege lililo chini yake likisinyaa. Pasipo upenyo ukutani, nguvu hizo hugongana, na siku moja mstari mzima hunyanyuka kwa kishindo. Milimita chache zinatosha, skatingi itazificha. Gundi ienee mgongo mzima, isiwekwe mabonge matano. Kesho yake pita ukigonga kigae kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole. Kinacholia wazi kina hewa chini yake, kibanduliwe kabla fundi hajamaliziwa hela yake.