Siri ya ufa mmoja

MGENI atokaye Lamu au Mombasa akifika Majengo, Pumwani, hujihisi kama hakutoka kwao. Kiswahili kinasikika vibarazani na adhana haiko mbali. Mtaa huo wa Eastlands, jijini Nairobi, ulianzishwa miaka ya 1920, na Waislamu wasemao Kiswahili walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo. Akiteremka Gikomba, au akisogea hadi Kariobangi, atawaona mafundi wa vioo wakipimia watu madirisha.

Fundi hulaza kioo mezani, akachovya kalamu yake ya kukatia katika mafuta ya taa, akapiga mstari mmoja. Kisha hukibana kioo kwa vidole, kikaachana pande mbili.

Wengi hudhani ni ile kalamu iliyokata. Sivyo. Kioo hakikatwi kama ubao. Huvunjwa pale fundi apendapo. Mhandisi Mwingereza, A. A. Griffith, alieleza mwaka 1921 kwamba nguvu hukusanyika kwenye ncha ya ufa mdogo, na hapo ndipo kioo huanza kushindwa. Wahenga walituonya tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Fundi wa vioo huutia ufa kwa makusudi, lakini mmoja tu. Akirudia mstari, nyufa huwa nyingi, kioo kikaenda kombo, na hasara ikawa yake.

Kanuni ni hiyo hiyo kwa neli za kioo, zile za maabara za shule na za mafundi wanaotengeneza shanga na vijichupa kwa mwali wa moto. Neli nyembamba hutiwa chale moja fupi kwa ukingo wa tupa, kwa mkono thabiti, bila kusugua huku na huko kama msumeno. Chale huloweshwa kwa tone la maji, kwani maji huusaidia ufa kukua. Neli hufungwa kitambaa, vidole gumba vikakaa nyuma ya chale, upande wa pili. Hapo fundi huvuta na kukunja kwa pamoja, chale ikitazama nje. Ikikataa, asiishindanie, atie chale mpya mahali pengine.

Neli nene haikunjwi kwa mikono. Hutiwa chale, kisha ncha ya kijiti cha kioo kilichopashwa moto hadi kikawaka huguswa karibu nayo. Joto hutanua sehemu moja tu, na ufa ukazunguka wenyewe. Mwisho, kingo kali hulainishwa motoni, zikaachwa zipoe polepole. Tahadhari: kioo cha moto na kioo baridi havitofautiki kwa macho. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima, na vigae vifagiliwe upesi kabla watoto wa miguu mitupu hawajapita.

Kazi hii si ngeni kwetu pwani. Waliofukua magofu ya Manda na Gede walikuta shanga na vipande vya vyombo vya kioo vilivyoletwa kwa majahazi. Shanga nyingi ndogo za Bara Hindi zilikuwa neli ndefu, iliyovutwa ingali moto, kisha ikakatwakatwa vipande. Kwa hiyo shanga walizovaa bibi zetu zilipita mikononi mwa mtu aliyejua kukivunja kioo kwa adabu. Kijana wa Eastlands anayejifunza leo anarithi ujuzi huo, na somo lake la kwanza ni kuuzuia mkono usirudie mstari.